Kioo Kimoja cha Manjano

Habari ya kufa kwa mama ilinikuta Kericho, kwenye mashamba ya chai, na nilipofika nyumbani Nyarero majani yalikuwa yameanza kuota juu ya kaburi. Watu walinitazama usoni kuona kama nitalia. Sikulia. Nilikula ugali wa mtama niliowekewa, nikalala, nikaamka, nikaenda kuangalia zizi. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu, ambao ukiukanyaga chini hujui kama ni wako. Hali hiyo ilikaa nami miaka kadhaa, na mambo ninayoyaeleza hapa yalitokea ndani yake. Nikiyaeleza kwa ukavu, ni kwa kuwa hivyo ndivyo yalivyonipitia.

Shule niliiacha mapema, baada ya mwalimu kunikataza kufungua saa ya ukutani ili nione kinachoisukuma. Tangu hapo nilikuwa mtu wa kwenda kuona. Nilikwenda Magadi kuona magadi yanavyochotwa, nikaenda Kisumu kuona meli inavyotengenezwa, na kila nilipoona nilichokuwa nataka kuona, niliondoka. Kaka yangu alikuwa kinyume changu. Yeye alitoka nyumbani safari moja tu, kwenda vitani Burma, akarudi na jicho moja. La kulia lilibaki huko. Mahali pake palikuwa na ngozi iliyojikunja kama kitovu, na watoto wake walizoea kuigusa walipokuwa wanalazwa.

Siku zile kampuni ndogo ya dhahabu ilikuwa inachimba karibu na Nyakunguru, na Wazungu wake wachache walikuwa na mchezo wao wa Jumamosi alasiri. Walisimama kwa zamu juu ya uwanja uliosawazishwa, kila mmoja na bunduki yake ya marisau, zile risasi ndogo ndogo. Mbele yao, ndani ya handaki lenye paa la mabati, alikaa mtu mwenye mtambo. Mtambo ulikuwa na springi nene na mkono mrefu wa chuma. Mtu wa handakini aliuvuta mkono mpaka ukashika, akaweka kisahani juu yake, na mpigaji alipoita, akaachia. Kisahani kilipaa juu ya bonde kikizunguka, na mpigaji akakipasua hewani au akakikosa. Mchezo wote ulikuwa huo. Wazee wa Nyakunguru waliokuja kutazama mara ya kwanza waliuliza nyama inaangukia wapi. Walipoambiwa hakuna nyama, waliaga kwa adabu na hawakurudi.

Mtu wa handakini alikuwa kaka yangu. Kwenye mashimo ya dhahabu walimkataa kwa sababu ya jicho. Walimpa ulinzi wa ghala siku za kazi, na Jumamosi wakamweka kwenye mtambo. Aliyemtangulia alivunjwa mkono na kile chuma kwa kutazama pembeni. Kwa hiyo kazi ile ilimtaka mtu awe na macho wakati wote, na kaka alikuwa na moja.

Alinitafutia kazi pale pale. Injinia wa mitambo, Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, alihitaji mtu wa kubeba risasi na kutunza miwani yake. Kwa miwani ile nilikaa Nyakunguru muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa mahali popote.

Ilikuwa kwenye kikasha cha ngozi: fremu za waya, na vioo vya duara vya rangi mbalimbali ambavyo viliweza kutolewa na kuwekwa vingine. Kulikuwa na vya manjano, vya kijani, vya kahawia, na vya kijivu kizito kama maji ya mto baada ya mvua. Injinia alisimama, akatazama anga, akasema na mimi kwa Kiswahili chake cha kuamrisha.

"Leo mawingu mingi. Lete manjano."

Au, "Jua kali leo. Kijani."

Siku moja nilimuuliza kwa nini asivae rangi moja tu aipendayo. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa na kiti chake. Kisha akanipa vya manjano, akaniambia nivae nitazame bondeni. Mawingu yalikuwa yamefunika kilima, lakini ndani ya ule umanjano mchana uling'aa kana kwamba mtu amewasha taa nyuma ya mawingu. Kingo za vitu zilikatika vizuri: jani, jiwe, ng'ombe mweupe ng'ambo. Akanipa vya kahawia. Majani ya kijani yalizama, na kisahani kilichopakwa chokaa kikajitokeza mbele yake. Vya kijani vilipunguza makali ya jua bila kuleta giza. Vya kijivu vilileta giza kwenye kila kitu kwa usawa, na hivyo hakuvitumia hata mara moja. Alisema aliyemuuzia alimdanganya.

Baada ya siku ile, wao walipokwenda kunywa chai, mimi nilivijaribu. Niliona dunia ya manjano, dunia ya kijani, dunia ya kahawia. Nilitegemea mojawapo itanifanya nisikie kitu. Niliona vizuri zaidi, basi.

Mvua za masika zilipokata barabara, visahani vilikwisha. Vilikuwa vinatoka ng'ambo, vimetengenezwa kwa lami na unga wa mawe, vikipangwa kwenye masanduku yenye nyasi kavu. Masanduku ya mwisho yalipita kwenye madaraja mabovu, na yalipofunguliwa tulikuta vipande. Injinia akauliza kama hakuna wanawake wanaofinyanga vyungu maeneo yale. Alikuwapo mmoja hodari, mama mkwe wa kaka yangu.

Yeye alikuwa Mjaluo wa upande wa ziwa, aliolewa huku na kazi yake akaja nayo. Vyungu vyake vilijulikana hadi Sirari. Sasa, kwetu Wakurya mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Wakikaribiana njiani, mmoja anaingia porini. Hawasalimiani, hawali pamoja, hawatajani kwa majina. Kwa Wajaluo nako ni hivyo hivyo, kwa hiyo wawili wale hawakuwa hata na mahali pa kuupunguzia mwiko huo. Walikuwa wamekaa vijiji jirani miaka yote ya ndoa, na kaka aliwahi kuniambia kwamba angemjua kwa miguu tu, kwa sababu ndiyo aliyowahi kuiona.

Mimi, mdogo wake, heshima ile ilinigusa kwa mbali. Nilipotumwa kwake nilisimama nje ya ua nikageukia pembeni, na yeye akaendelea kufinyanga akiwa amenipa mgongo.

Nilimwekea kisahani kimoja kizima juu ya jiwe.

"Chakula gani kinawekwa humu?" aliuliza.

"Hakiwekwi chakula, mama. Wanakirusha juu na kukipiga risasi."

Mikono yake haikusimama.

"Kimefanya nini?"

"Hakijafanya kitu. Ni mchezo."

"Nyathina," alisema, maana yake mwanangu, "wewe umetembea sana. Ukitembea sana watu wanakudanganya mpaka unazoea."

Lakini alivitengeneza. Alivifinyanga kama alivyofinyanga kila kitu, akavichoma vizuri, na Jumamosi vilipopaa, marisau yaliviparuza vikaendelea na safari. Tuliviokota bondeni vikiwa vizima, vina vidoadoa tu. Wazungu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Injinia hakucheka.

"Hii hapana vunjika," aliniambia. "Ambia mama yeye fanya laini."

Nikarudi kwake.

"Wanasema vimekuwa vigumu mno."

Safari ile aligeuka nusu, akakumbuka, akanirudishia mgongo.

"Nimefinyanga tangu sijaota matiti," alisema. "Wameniletea lawama ya chungu kuvuja. Wameniletea lawama ya chungu kupasuka motoni. Hii ya leo sijapata kuletewa. Wanataka nifinyange kibaya?"

"Kibaya kiasi."

"Kiasi gani?"

Alichukua udongo, akatia pumba na majivu mengi, akauchanganya kwa ghadhabu. Akamwambia kuku aliyekuwa anapita, "Wewe, leo tunafinyanga uchafu." Kuongea na kuku ilikuwa desturi yake. Aliyotaka yamfikie mkwewe aliyasema kwa kuku binti yake akiwa karibu, na binti, mke wa kaka, akayapeleka.

Visahani vya mafungu yaliyofuata vilipasuka kwa marisau vizuri sana. Injinia alifurahi. Shida ilikuwa kwamba vingine havikungoja marisau. Springi ilipoachia, mkono wa chuma ulikipiga kisahani kwa nguvu ya ghafla, na kama udongo ulikuwa dhaifu, kilipasukia hapo hapo juu ya mtambo. Vipande vilirushwa ndani ya handaki, pale alipokaa kaka.

Jumamosi ya kwanza ya visahani vile alitoka na mkwaruzo kwenye kidevu. Iliyofuata alitoka na damu kwenye shavu la kushoto, juu kabisa, pale ambapo shavu linaishia na jicho linaanza. Nilimfuta kwa kitambaa cha miwani. Kipande kilikuwa kimeingia chini ya ngozi, kidogo kama ukucha wa paka.

"Acha kazi hii," nilimwambia.

"Niende wapi?"

"Basi nimwambie mama mkwe wako aviimarishe tena."

"Vikiwa imara Mzungu anakasirika. Vikiwa dhaifu mimi napigwa. Na wewe, mura, mdogo wangu, unataka nimpelekee mkwe neno kwamba kazi yake inanijeruhi? Mtu amenipa binti, mimi nimpe lawama?"

"Nitasema mimi. Sitakutaja."

"Atajua. Nani mwingine yuko shimoni?"

"Basi funga jicho unapoachia."

Alinionyesha mkono wa chuma kwa kidole. Nilimkumbuka aliyemtangulia.

Tukakaa. Aligusa shavu, akaliacha jicho likizunguka taratibu ndani ya tundu lake kama mtu anayekagua mlango. Akasema, "Nikilikosa hili, nani ataniambia ng'ombe wangu wako wapi?" Alisema kwa sauti ya kawaida. Mimi niliyaelewa maneno yake, nikajua ni makubwa, lakini ndani yangu hayakupata pa kugonga. Nilichopata ni swali: ni kioo gani kinachofaa kwa mtu wa handakini? Swali lilinitosha. Nilipokuwa na swali nilikuwa na kazi.

Nilianzia kwenye duka la Mhindi mjini Tarime. Alikuwa na miwani ya jua kwenye kadibodi, fremu nyeusi zinazong'aa.

"Chukua hii, rafiki. Ya madoido. Wasichana wanaanguka."

"Ni ya kuzuia kipande cha chungu."

"Kipande cha nini?"

Nilimweleza. Alitoa ile miwani, akaigonga na ukucha wa kidole gumba, akasikiliza, akairudisha mahali pake. Alikuwa mtu mwaminifu. "Hiki kioo chembamba," alisema. "Chungu ikipiga hapa, badala ya chungu inaingia kioo. Kwa madoido nzuri. Kwa kazi hiyo, hapana."

Kisha nikaenda karakana ya kampuni. Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa Mkurya wa kwetu, mtani wangu. Miwani yake ilikuwa ya mpira, imefungwa kwa mkanda kuzunguka kichwa, na vioo vyake vya kijani kizito vingeweza kupigwa nyundo. Aliniazima jioni moja. Kaka alivaa, akaingia handakini, akatoka.

"Umeniona nikirudi?" aliuliza.

"Nimekuona."

"Basi wewe ndiye uliyeona. Mimi nimepapasa."

Handaki lilikuwa na giza chini ya mabati, na mbele lilifunguka kwenye mwanga mkali. Kwa kioo kile kizito mkono wa chuma ulipotea kabisa, na nusura auguse. Nilimrudishia fundi, akacheka.

"Miwani hiyo ni ya kutazamia moto," alisema. "Kama huna moto, unavaa usiku. Mwambie kaka yako aje nimchomelee kope."

Palikuwa na jozi nyingine ya karakana yenye vioo vyeupe, lakini ilikuwa moja kwa watu wote wa jiwe la kunolea, na ilikuwa imekwaruzika mpaka ukiivaa unaona ukungu. Nikabaki na kile kikasha cha ngozi. Nilijua tayari kwamba vioo vya injinia vilikuwa vinene, na nilijua rangi gani ingefaa. Kwenye giza la handaki, manjano. Kama manjano yaliwasha taa nyuma ya mawingu, yangeiwasha chini ya mabati. Lakini mali ilikuwa ya mtu.

Nilingoja. Halafu injinia mwenyewe aliikalia fremu moja ya zamani yenye vioo vya manjano kwenye kiti cha gari. Kioo cha kushoto kilipasuka, cha kulia kikabaki kizima. Aliitupa nyasini. Niliiokota mbele yake nikamuuliza kama naweza kuichukua.

"Moja kufa," alisema. "Ya nini?"

"Kaka yangu pia ana moja, bwana."

Alifikiri kidogo, akapunga mkono kunikubalia.

Kulikuwa na tatizo. Kioo kizima kilikuwa cha kulia na jicho la kaka lilikuwa la kushoto. Tulikaa nyuma ya ghala tukiigeuza ile miwani, na yeye ndiye aliyeona la kufanya: kuivaa kichwa chini. Vioo vilikuwa duara, kwa hiyo havikujali. Masikio ya fremu yaliangalia juu badala ya chini, tukayafunga kwa uzi wa katani nyuma ya kisogo, na daraja la pua likakaa vibaya kiasi cha kumfanya aonekane kama mtu anayenusa kitu. Kwenye tundu la kioo kilichovunjika ile ngozi yake iliyojikunja kama kitovu ilichungulia.

Aliingia handakini.

"Vipi?" niliita.

"Kumekucha humu," alisema.

Jumamosi ile visahani kadhaa vilipasukia kwenye mtambo. Kimoja kilirusha kipande kilichogonga kile kioo cha manjano, na mimi juu pale nikausikia mlio wake, mkavu, kama njugu mawe ikianguka sakafuni. Kaka alipotoka palikuwa na alama ndogo nyeupe karibu na ukingo wa kioo. Jicho lilikuwa nyuma yake, zima, likinitazama. Alicheka. Sijui kama nilicheka naye. Nadhani nilicheka.

Alianza kuivaa hata kutoka kazini kwenda nyumbani. Watoto walimkimbia kwanza, kisha wakagombania kuvaa. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa hajawahi kuzoea miwani usoni mwa mtu wa kwetu, alimsimamisha njiani. Kaka alitoa shikamoo, mzee akaipokea, halafu akamchunguza.

"Hiyo umevaa nini?"

"Miwani, tata," alijibu, akimwita baba kwa lugha yetu. "Ya kazi."

"Mzungu akivaa hiyo anakutazama mpaka ini. Na wewe sasa unatutazama mpaka ini?"

"Mimi jicho ni moja, tata."

"Ndiyo nasema. Umeliongeza."

Watu walicheka, na neno likazunguka kwamba fulani ameongeza jicho. Kaka naye alilirudia nyumbani kama mzaha. Lakini tangu siku ile, kabla ya kumsalimia mzee yeyote, aliivua. Kichwa kikainama na mkono ukaenda kwenye uzi wa katani kwa pamoja, kama askari anavyovua kofia. Mimi niliona ni adabu nzuri, nikaacha kuitazama.

Mama mkwe wake alikuwa bado hajaamini habari ya kupiga visahani. Binti alimweleza, mimi nilimweleza, na yeye akamwambia kuku kwamba watu wa siku hizi wanasema chochote. Kwa kawaida nilivichukua visahani mwenyewe siku moja kabla. Juma lile nilichelewa, na Jumamosi akaamua kuvileta kwa kichwa chake na kuona kwa macho yake.

Alikuja kwa njia ya bondeni, ile ya wachota maji, inayopanda pembeni mwa handaki. Wapigaji hawakuweza kumwona kwa sababu ya ukuta wa udongo. Mimi nilikuwa kando, mwinuko kidogo, nikisafisha vioo vya kijani. Niliona kapu kwanza, kisha kichwa, kisha mtu mzima, akitembea taratibu kama anavyotembea mtu mwenye vitu vya kuvunjika. Nilijua ni nani. Niliinuka nimwambie apite mbali na handaki.

Yaliyotokea ndani alinieleza kaka baadaye. Alikuwa ameshavuta mkono wa mtambo na kuweka kisahani. Kwenye ule uwazi wa mbele, chini, aliona miguu. Aliijua. Ndani ya ule umanjano ilikuwa wazi mno, alisema, aliona hata udongo mkavu kwenye vidole. Na yeye alikuwa na jicho lililoongezwa, limemwelekea mama mkwe wake, hatua chache. Mkono ulikwenda kwenye uzi. Aliivua miwani, akainamisha kichwa, akageuza uso upande wa mtambo, maana upande mwingine alikuwapo yeye.

Mpigaji akaita. Kaka akaachia kwa mazoea.

Kisahani hakikutoka handakini. Nilisikia kupasuka. Mpigaji aliita tena, kwa kuudhika.

Mama mkwe alitua kapu. Alikuwa karibu na yeye kuliko mtu yeyote kati yetu. Angeweza kuinama na kumshika. Alipiga hatua moja, akasimama, akageuka akampa handaki mgongo, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Kuna mtu ameumia hapo ndani," alisema. Sauti yake haikupanda. "Mimi sijui ni nani. Njoni mmwangalie."

Aliendelea kusimama hivyo, mgongo kwetu, mpaka tulipomtoa kaka na kumpandisha kwenye gari la injinia. Kisha akabeba kapu lake na visahani vyote akarudi navyo nyumbani. Baadaye binti yake alisema alivisaga kwenye jiwe la kusagia, kimoja baada ya kingine, akarudisha unga ule kwenye udongo wake.

Dresa wa kampuni alifunga jicho, na hospitali ya misheni wakatoa kipande. Daktari alisema kimekata jicho katikati. Kaka alikaa huko wiki kadhaa, na waliporuhusu bendeji ifunguliwe nilikuwa kando ya kitanda chake. Aligeuza uso dirishani, akaugeuza ukutani.

"Dirisha liko huku," alisema.

"Ndiyo."

"Basi najua mchana. Nitakuwa najua mchana."

Nilisema ndiyo tena. Nilitazama mikono yangu. Muuguzi alipita na beseni.

Injinia aliagiza masanduku mapya, barabara ilikuwa imekauka. Kwenye mtambo waliweka mtu mwenye macho mawili, bila miwani, na kwa kuwa visahani vilikuwa vya ng'ambo hakupata hata mkwaruzo. Mimi niliendelea kusafisha vioo kwa muda. Kisha nikarudisha kikasha.

Nyumbani likazuka jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Mke wa kaka alikuwa shambani kutwa nzima, watoto walikuwa wadogo, na kaka alikuwa anakaa peke yake ukutani akiunguzwa na jua kwa sababu hakujua kivuli kimehamia wapi. Mama mkwe alipita njia ya mbali, akamwona. Akaenda kwa wazee wa kwetu, yeye Mjaluo, mwanamke, akawauliza swali. Walikaa siku nzima. Walikunywa pombe yake pia. Mwishowe walisema kwamba mwiko ni wa wawili kuonana, na kuonana kunataka pande mbili. Upande mmoja ulikuwa haupo tena. Walichinja mbuzi kwa usalama, na akaruhusiwa kukaa ua mmoja naye. Kuzungumza naye hawakuruhusu. Kuhusu kuku hawakusema neno.

Alihamishia ufinyanzi wake pale. Nilimkuta asubuhi moja amekaa upande huu wa chungu kikubwa na kaka upande ule, miguu ya suruali imekunjwa, akikanda udongo kwa mikono yote miwili.

"Kuku," alisema mama mkwe, "muulize huyo mtu kama mawe yamekwisha."

Kaka alichukua bonge, akalipitisha katikati ya vidole taratibu.

"Kuku, sema mawe yamekwisha. Mchanga bado. Wa jana ulikuwa mbaya zaidi, sema hivyo pia."

"Kuku, mwambie jana nilikuwa naumwa mgongo."

"Sema pole."

Kuku mwenyewe alikuwa nyuma ya ghala la mtama, hakuwa na habari.

Sikukaa muda mrefu baada ya hapo. Kulikuwa na kazi ya kutengeneza barabara upande wa Nyambureti na nilitaka kuona inavyopita kwenye mbuga. Asubuhi ya kuondoka kaka alinipa ile miwani, maana kioo kilikuwa kizima bado, kina ile alama yake ndogo nyeupe.

"Wewe una ya kutazama," alisema.

Nilifika kwenye kichaka cha mwisho, nikasimama, nikaitia usoni, kichwa chini, kama yeye. Ilikuwa siku ya mawingu. Ua ukawaka wote: vyungu, majivu, mgongo wa kaka. Niliona mama mkwe ameinuka kumpelekea udongo mwingine. Aliuweka chini karibu kabisa na mikono yake, na alipofanya hivyo alikuwa amegeuza uso pembeni na kuinamisha kichwa, ili wasije wakaonana.